Ugonjwa ukifunga mji, panda mlima: vidokezo kwa wenye pikipiki

Machi 2020 Goma ilifungika ghafla kwa sababu ya Korona. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikapigwa marufuku, na tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, ambako maelfu walivuka kila asubuhi kutafuta riziki, nao ukafungwa. Mwenye pikipiki akatupia macho upande mwingine: magharibi, Sake, halafu milima ya Masisi. Naamini kabisa kwamba upepo wa kule uliwashika wengi wasikate tamaa, na ugonjwa mwingine ukija utawashika tena. Masharti ni mawili: upande kwa akili, na uwaheshimu wale unaopita mlangoni kwao.

1. Waulize kwanza wamotari, yaani madereva wa pikipiki za abiria. Wao ndio waliopita jana, na ndio watakaopita leo. Wasipopita, nawe usipite, hata kichwa kiwe kimejaa namna gani. Mwaka ule ule wa 2020, kundi la wapiganaji la NDC-R lilipogawanyika mwezi Julai, njia za Pinga, eneo la Walikale, hazikuwa za kwenda kupunga upepo. Mwaka 2025 mambo yalizidi: Januari waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, Sake na Goma, na Machi wakafika Walikale-centre kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Kwa hiyo uliza kila unapotaka kutoka. Siku njia si salama, zunguka mtaani kwako, msalimie shangazi ukiwa nje ya lango, urudi. Hiyo pia ni safari.

2. Ondoka mapema. Goma hadi Sake ni lami, kilomita kama 25, na mikono inapata joto taratibu. Mvua ya milimani hupenda kunyesha mchana, hasa kuanzia Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei. Udongo wa Masisi ukilowa ni sabuni tupu.

3. Kwenye mlima wa Mushaki, acha mlima ukusaidie. Hapa ndipo mawazo yanapotulia, na sababu yake iko wazi: macho yako kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu ya malori, mkono uko kwenye klachi, masikio yanamsikiliza anayeteremka na viazi. Hakuna nafasi ya kuhesabu waliougua. Panda kwa gia ndogo bila kukatisha moto wa injini. Kuteremka, baki kwenye gia hiyohiyo, maana anayetegemea breki peke yake huzichosha kabla ya kufika chini. Ukipata pahali papana, simama, zima, geuka nyuma: Ziwa Kivu liko pale chini. Mbele ni malisho, ng'ombe na mikaratusi, na hewa ya baridi inayokufanya uvute pumzi mpaka mwisho. Usiharakishe hapo.

4. Kashene, yaani barakoa, ivae unapofika kwa watu. Njiani peke yako, upepo unatosha. Kijijini ni mambo mengine. Watu wa huku walikuwa wametoka kwenye Ebola, iliyofika Goma Julai 2019 na Pinga Agosti mwaka huohuo. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, Korona ikiwa tayari imeingia. Mgeni kutoka mjini anatia hofu, na hofu hiyo ina haki. Zima injini, vua helmeti wakuone uso kwa mbali, vaa kashene, nawa mikono kabla hujaambiwa, kisha ndiyo useme, "Jambo mama, jambo mzee." Utapokelewa.

5. Nenda peke yako. Abiria wa pikipiki anakugusa mgongo mzima, na helmeti ya kuazimana inahama na jasho la kila mtu. Kwa mpox, inayoambukiza kwa kugusana ngozi, jambo hili lina uzito zaidi.

6. Beba kitu cha mtu. Dawa za presha za mzee wa Nyabiondo, sabuni, pesa za ada. Moyo uliotoka mjini ukiwa mzito hupata nafuu haraka ukiwa na mtu anayeungoja. Kurudi, nunua jibini la Masisi kwa mfugaji mwenyewe, na unywe mashanza, maziwa ya mgando, hapohapo. Ugonjwa uliwakosesha wengi soko. Noti yako ndogo ni msaada wa kweli.

7. Walikale ni safari nyingine. Ukipita Kashebere, malisho yanabaki nyuma na msitu unaanza, joto linapanda, mvua haijali miezi. Madaraja ya mbao: shuka, kagua mbao, sukuma pikipiki kwa miguu. Beba mpira wa ndani, pampu, plagi na maji. Esansi (petroli) ya chupa ichuje kwa kitambaa safi. Karibu na Kilambo kuna kipande cha lami ambacho kiliwahi kutumika kama uwanja wa ndege ndogo zilizobeba kasiterite, madini ya bati, basi ukiona watu wamejipanga pembeni wakitazama juu, toka barabarani haraka. Safari hii si ya mtu aliyejifunza kuendesha juzi.

8. Karatasi ziwe mfukoni. Kadi ya mpiga kura, hati za pikipiki, na noti ndogo ndogo kwa ajili ya bariere, yaani vizuizi vya barabarani. Jibu kwa upole, usipige picha. Desemba 2020 amri ya kutotoka nje ilianza saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri; wewe jiwekee yako, iishe jua likiwa bado juu.

9. Jua hospitali iko wapi. Hospitali kuu ya rufaa ya Masisi ilianza kusaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2007. Mwambie mtu mmoja nyumbani njia unayopita na saa unayorudi.

10. Osha pikipiki jioni ileile. Tope likikaukia kwenye mapezi ya injini, injini haipumui na kesho itachemka kabla ya Sake. Mnyororo ufute, upake mafuta, kaza nati za gurudumu la nyuma. Nguo ziingie kwenye maji moja kwa moja, kisha uende kuwasalimia watoto.