SOMO LA TOLEO HILI: Kiongozi Bora Humpa Mdogo Nafasi ya Kusema

Iwe unafanya kazi katika zahanati, karakana, shule au ofisi ya wadi, kuna jambo linaloweza kuharibu kazi nzuri: mtu anaona kosa, lakini ananyamaza kwa sababu aliyelifanya ni mkubwa wake. Somo hili linatoka mahali ambapo ukimya huo unaweza kugharimu maisha, yaani chumba cha upasuaji.

Karatasi moja, vituo vitatu

Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua orodha ya mambo ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Orodha hiyo inatosha ukurasa mmoja. Timu husimama mara 3: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kila mmoja hutaja jina na kazi yake. Huulizana kwa sauti: Mgonjwa ni huyu? Tunapasua wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Mwishoni huhesabu sindano na vifaa vyote.

Orodha ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji mbalimbali duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka takriban 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000.

Hata hivyo, utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona upungufu mkubwa wa vifo. Baadhi ya wataalamu walieleza kuwa orodha haisaidii ikiwa watu wanaweka alama tu bila kusimama na kuzungumza. Kwa maneno mengine, karatasi haiongozi timu. Watu ndio huongoza.

Tufanye nini kazini?

1. Kabla ya kazi, tengeni dakika 5. Kila mtu aseme atafanya nini leo na anahofia nini.

2. Kiongozi asiwe wa kwanza kutoa maoni. Aanze kwa kumwuliza aliye chini. Katika mradi wa maji, anayesikia kwanza mlio wa pampu ukibadilika huenda si mwenyekiti, bali mlinzi anayekesha karibu nayo.

3. Anayetaja kosa ashukuriwe mbele ya wenzake, hata ikibainika kuwa hakuona sawa. Akikaripiwa leo, kesho atanyamaza, na wenzake pia.

4. Baada ya kazi, semeni kilichofaulu na cha kurekebisha, nani atakirekebisha na lini.

Heshima si kunyamaza

Wengi wetu tumelelewa kutowapinga wakubwa, na heshima hiyo ni njema. Lakini kusema, "Mzee, naomba tuangalie tena," si utovu wa adabu. Ni kumlinda mkubwa wako asiaibike, na kumlinda mwananchi anayehudumiwa.

Nawe mkaazi, ukiwa hospitalini ukaulizwa jina lako mara ya tatu, usikasirike. Hawajakusahau, wanahakikisha. Jibu, na ukiona jambo haliko sawa, sema.

Swali la kujadili na wenzako: Ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yako alikurekebisha mbele ya wengine, nawe ulimjibu vipi?