Kiambishi Mahakamani: Shahidi Mtaalamu katika Kesi ya Mc-

Katika kozi ya mofolojia tumezoea kuuliza kiambishi kina maana gani na kinaambatana na mashina yapi. Mwaka 1988 mahakama ya shirikisho huko Maryland, Marekani, iliulizwa swali ambalo sijalikuta katika kozi hiyo: je, kiambishi kinaweza kuwa na mwenyewe?

Mwaka 1987 kampuni ya hoteli ya Quality Inns International ilitangaza kwamba itafungua hoteli za bei nafuu kwa jina la McSleep Inn. McDonald's wakapinga, wakidai jina hilo linaingilia alama zao za biashara. Quality Inns hawakungoja kushtakiwa. Walikwenda wenyewe mahakamani kuomba itamkwe kwamba wana haki ya kulitumia. Ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Katika kesi ya namna hiyo hapana haja ya kuondoa kila shaka. Inatosha kuonyesha kwamba jambo linaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo maana neno la mtaalamu mmoja linaweza kuinamisha mizani.

Quality Inns walimwita Roger Shuy, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Alifanya kile ambacho mwalimu wetu yeyote angetuagiza: alikusanya data. Alipekua magazeti akitafuta maneno yenye Mc- yaliyotumika nje ya mikahawa ile. Gazeti la USA Today, kwa mfano, lilikuwa limebandikwa jina la utani McPaper. Kutokana na mifano hiyo alieleza kwamba Mc- imekwisha kupata maana yake yenyewe katika Kiingereza: kitu cha kawaida, chepesi kupatikana, cha bei nafuu, kinachofanana popote.

Kwa msemaji wa Kiswahili hilo si ajabu. Mac katika Kigaeli ni mwana wa kiume, na sisi tuna mwana. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria, wala mwanamuziki hakuzaliwa na muziki. Neno la uzazi limepoteza damu yake likawa chombo cha kuundia maneno. (Kama hapo ni kiambishi au bado ni sehemu ya neno ambatani, nawaachia wanaobishana katika semina.) Kwa hiyo nilipoisoma kesi hii mara ya kwanza nilikuwa na hakika kwamba Shuy ameshinda.

Alishindwa. Jaji Paul Niemeyer aliwapa haki McDonald's, na hoteli zikafunguliwa kwa jina la Sleep Inn.

Kosa halikuwa katika data. Shuy alijibu swali la isimu: Mc- ina maana gani katika lugha? Sheria ya alama za biashara iliuliza jingine: mteja akiona bango la McSleep Inn barabarani, je, anaweza kudhani kwamba hoteli ni ya McDonald's? Upande wa McDonald's ulileta mtaalamu wa uchunguzi wa maoni, aliyewauliza watu wenyewe. Karibu theluthi moja walihusisha jina hilo na McDonald's. Kampuni pia ilikuwa imetumia matangazo ambamo Ronald McDonald aliwafundisha watoto kuunda maneno kwa Mc-. Basi hata kama kiambishi kimeenea, masikioni mwa wengi bado kilinukia jiko kilikotoka. Mwanaisimu alieleza neno, mpinzani wake akaeleza msikilizaji.

Linganisha na kesi ya Ann Arbor, Michigan, ya mwaka 1979, nayo ya madai. Wazazi wa watoto Waamerika Weusi walidai kwamba shule haikujali lugha ambayo watoto wao walikuja nayo kutoka nyumbani. Sheria ya mwaka 1974 ilitaja wazi vizuizi vya lugha. Hapo Geneva Smitherman, William Labov na wenzao waliulizwa jambo lililo ndani ya fani yao kabisa: je, lugha ya watoto hawa ina kanuni zake? Jaji Charles Joiner aliwasikia, akaamuru mpango wa kuwasaidia walimu kuitambua lugha hiyo.

Kwetu Kongo utaratibu ni tofauti. Huko Maryland kila upande huleta mtaalamu wake na kumlipa. Kwetu, kwa desturi tuliyorithi kwa Wabelgiji, kwa kawaida jaji ndiye humteua mtaalamu, na mtaalamu huapa kabla ya kuanza kazi. Jaji halazimiki kufuata maoni yake.

Nilitamani mjomba wangu angeyajua hayo aliponiletea karatasi ya kiwanja iliyoandikwa «nimemwachia kiwanja». Alitaka niandike, kama mtu wa isimu, kwamba kuachia hapo ni kuuza. Nilimwambia: «Mjomba, mimi ni mpwa wako, nani atanisadiki?» Akanijibu kwamba nimesomeshwa kwa kazi gani. Mwishowe niliandika nusu ukurasa: kwamba kuachia kunaweza kuwa kuuza, kutoa bure, au kumwacha mtu akae kwa muda, kwamba karatasi haitaji bei, na kwamba waulizwe mashahidi waliokuwapo siku ile walielewaje. Mjomba alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni bila kusema neno. Avoka wake aliomba nakala.