Mwanasaikolojia wa Shule Hufanya Nini?

Swali: Binti yangu wa darasa la tano anasoma kwa kukwamakwama, ingawa hesabu za kichwa anazimudu. Shule inataka aonwe na mwanasaikolojia. Kwani ana wazimu? – Mama Zuhura, Mombasa

Jibu: La hasha, mama. Mtaalamu huyu hutafuta kinachomzuia mtoto kujifunza. Atakuomba idhini, azungumze nawe na mwalimu, amtazame binti darasani, kisha ampime kusoma na kumbukumbu. Huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, huenda ni hofu ya kuchekwa. Macho na masikio nayo yapimwe hospitalini. Dawa haandiki. Siri za mtoto huzitunza, ila usalama wake ukiwa hatarini. Mwisho, dai maelezo ya matokeo na mpango wa kumsaidia, kwa mfano kusomewa maswali au kuongezewa muda.