Kuhamisha Faili za Wagonjwa: Swali Ambalo Seva Huuliza Kwanza

Mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya wilayani Bunda, au mwenzake wa Butiama, anapotakiwa kupeleka majedwali ya majibu ya maabara kwenye seva iliyoko Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, hahitaji tena kutuma bahasha kwa basi. Programu ya kuhamisha faili, kama vile FileZilla au WinSCP, huifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo, kama bahasha ilivyofungwa kwa gundi, faili nayo sharti ifungwe.

Programu hizi hutaka mambo manne: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nenosiri na namba ya mlango. Namba hiyo hutegemea itifaki inayotumika. Itifaki kongwe ya FTP, iliyoandikwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, hutumia mlango namba 21, nayo hupitisha nenosiri na faili bila kuvificha. Mwaka 1995, baada ya manenosiri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake nchini Ufini, Tatu Ylönen alitunga itifaki ya SSH. Juu ya SSH ndipo ilipojengwa SFTP, ambayo husimba kila kitu na hutumia mlango namba 22. Kwa taarifa za wagonjwa, SFTP ndiyo ya kuchaguliwa.

Mara ya kwanza mtumiaji anapojiunga, programu humwonyesha alama ya ufunguo wa seva, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, kisha humwuliza kama anaiamini. Wengi hukubali bila kusoma. Hapo ndipo hatari ilipo: usimbaji huifunga bahasha, lakini haumzuii tapeli aliyejifanya seva kuifungua. Mtumiaji ampigie simu msimamizi wa seva kwa namba anayoijua, walinganishe alama hiyo, ndipo akubali. Siku nyingine programu ikionya kuwa ufunguo umebadilika, asiendelee kabla ya kuuliza.

Akishaunganishwa, katika FileZilla faili za kompyuta yake huonekana kushoto na za seva kulia. Huburuta faili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtandao ukikatika, achague kuendeleza pale ilipoishia. Mwishoni alinganishe ukubwa wa faili pande zote mbili, kwani faili pungufu huweza kumkosesha mgonjwa majibu yake. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, asihifadhi nenosiri ndani ya programu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Simu ile moja ya kulinganisha alama ni sehemu ya kutunza siri ya mgonjwa, sawa na kufunga kabati la mafaili.