Alama ya Mama Mdogo: Somo la Utendaji Kazi Nililolikuta Nyamuswa

Katika mtihani wa somo la kusimamia utendaji kazi kulikuwa na swali ambalo karibu darasa zima tulilitegemea: taja na ueleze mambo yanayoathiri utendaji wa mfanyakazi. Nilitaja saba, nikapata A. Desa lilikuwa zuri na kichwa kilikuwa kimetulia. Likizo ndefu ilipofika nikapanda basi hadi Bunda, nikaunganisha gari la Nyamuswa, nikiwa najiona nusu afisa utumishi.

Siku ya tatu mama mdogo akaniita. Ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huku kwetu. Alikuwa ameshika simu, uso hauna raha. Tathmini ya mwaka ilikuwa imetoka na alama yake ilikuwa ya chini, wakati mwenzake wa darasa la sita kapata ya juu. Lengo lake lilisema watoto wote wa darasa lake wamudu kusoma silabi. Waliomudu walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Mwalimu mkuu alimtaka aandike maelezo, na yeye akaona amtafute "msomi wa mambo haya".

Msomi nikatoa ushauri wa haraka. Nikamwambia, "Mama mdogo, si ungejaza tu kwamba wote wamemudu? Nani angekuja kuwahesabu?"

Akaweka simu mezani. "Mwanangu, hawa watoto mwakani namkabidhi mwalimu wa darasa la pili. Yeye atawahesabu siku ya kwanza."

Nikakaa kimya. Ndipo somo lilipoanza upya, na ndilo ninalotaka tulipitie hapa, kwa sababu wengi wetu tunaosoma utawala, uhasibu, elimu au afya tutakuja kuwapima wenzetu, na sisi tutapimwa.

Tuanze na maana. Utendaji kazi si bidii peke yake, wala si matokeo peke yake. Mtu anaweza kutoka jasho kutwa nzima asizalishe kitu, na mwingine akapata matokeo mazuri kwa sababu mazingira yalimbeba. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Blumberg na Charles Pringle, walieleza kwamba utendaji unasimama juu ya mambo matatu: uwezo, utashi na nafasi. Uwezo ni ujuzi, afya na uzoefu wa mtu. Utashi ni ile hali ya kutaka kuifanya kazi, inayotokana na mshahara, heshima, matumaini ya kupanda daraja na imani yake juu ya kazi yenyewe. Nafasi ni yote yaliyo nje ya mtu: vifaa, muda, wenzake, kiongozi wake, idadi ya watu anaowahudumia. Mambo matatu haya hayajumlishwi, yanazidishana. Moja likikaribia sifuri, mengine mawili hayaokoi kitu.

Sasa mweke mama mdogo hapo. Uwezo anao, amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na nne. Utashi anao, maana asingekataa ushauri wangu wa ovyo. Nafasi je? Mwongozo wa serikali kwa shule za msingi ni darasa la wanafunzi 45. Yeye ana 112 katika chumba kimoja, kitabu kimoja kwa watoto watano. Wapo wanaoanza shule wakijua Kiikizu kuliko Kiswahili, na ikifika mwezi wa tano pamba inapasuka mashambani, madawati yanapungua watoto. Mwenzake wa darasa la sita ana 38, na wote walishajua kusoma kabla hajakabidhiwa.

Mtu atasema huo ni utetezi wa ndugu. Basi tuangalie ushahidi mkubwa zaidi uliopatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio liitwalo KiuFunza katika shule za msingi 350. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu ili liwe la kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya, huku yapo na huku hayapo. Palipokuwa na ruzuku na bonasi pamoja, watoto walipanda waziwazi, tena kuliko ukijumlisha faida ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Ndugu zangu, hapo pana funzo kwa pande zote mbili. Anayesema "tuletewe vifaa tu" na anayesema "wabanwe tu, ni wavivu" wote wameshika upande mmoja wa mzigo.

Tuje kwenye upimaji. Zamani mtumishi wa umma Tanzania alipimwa kwa taarifa ya siri. Bosi aliandika, bahasha ikafungwa, na wewe hukujua umeandikwa nini hadi cheo kilipokupita. Baada ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi, MWAMTUKA, ambao watumishi wengi waliuzoea kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikaa Julai wakakubaliana malengo, wakapitia katikati ya mwaka, wakapimana Juni, kuanzia 1 kwa aliyefanya vizuri sana hadi 5 kwa aliyefanya vibaya kabisa. Ilikuwa hatua kubwa, ila maofisini fomu nyingi zilijazwa siku ya mwisho kama anayemalizia asaimenti. Katika mwaka wa fedha 2023/24 ukaingia mfumo wa kompyuta, PEPMIS, ambapo mtumishi anaingiza majukumu yake na kuripoti utekelezaji, na msimamizi anatathmini humo humo. Uzuri wake ni kwamba kumbukumbu inabaki.

Lakini mfumo unapokea kile ulichoingiza. Kosa la kwanza ni kupima kinachohesabika badala ya kinachotakiwa. Steven Kerr, mwalimu wa menejimenti, aliandika mwaka 1975 juu ya taasisi zinazotuza jambo moja huku zikitarajia jingine. Ukituza maandalio ya somo yaliyojazwa, utapata maandalio yaliyojazwa. Sisi wa chuoni tunalijua hili vizuri. GPA inatuza jibu la mtihani, ndiyo maana kudesa hakujawahi kuisha.

Kosa la pili ni la mpimaji. Kuna anayempa kila mtu alama ya katikati ili asigombane na mtu. Kuna anayekumbuka wiki mbili za mwisho tu. Na kuna anayeona mtu mchangamfu akadhani kila analofanya ni zuri.

Kosa la tatu ndilo lililompata mama mdogo: kupima mahali mtu alipofika bila kuuliza alianzia wapi. Tulipokaa chini ya mwembe na karatasi, nikagundua jambo ambalo sikuliandika kwenye mtihani. Mwaka wa serikali unaanza Julai, ila mwaka wa mtoto wa darasa la kwanza unaanza Januari. Lengo la "watoto wote" liliandikwa kabla hata mtoto mmoja wa hao 112 hajaandikishwa. Na Juni alipopimwa, alikuwa amekaa nao miezi mitano.

Nikamuuliza kama ana kumbukumbu yoyote ya Januari. Akaingia ndani akatoka na daftari la kawaida lililochakaa kona. Kila mtoto ana mstari wake. Wiki ya kwanza aliwaita mmoja mmoja kusoma herufi, na waliozijua walikuwa 9. Mwishoni mwa Mei waliosoma silabi walikuwa 61. Kutoka 9 wanaojua herufi hadi 61 wanaosoma silabi, kwa miezi mitano, kitabu kimoja kwa watano. Utendaji wake ulikuwa umeandikwa humo muda wote, ila hakuna aliyeuliza.

Maelezo tuliyoandika yalikuwa ukurasa mmoja tu. Hatukulalamika. Tuliweka takwimu za Januari, za Mei, idadi ya watoto na vitabu, na orodha ya watoto 51 waliobaki, wale anaohitaji kuwasaidia kwanza. Mwalimu mkuu aliyasoma yote. Alama haikubadilika, mwaka ulishafungwa. Ila walikaa upya, na lengo la mwaka mpya likaandikwa kwa namna nyingine: kila mtoto apimwe anapoanza, na mwalimu apimwe kwa hatua ambazo watoto wamepiga. Mwalimu mkuu akaongeza kwa mkono wake kwamba shule itatafuta vitabu vya darasa la kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Wewe utakayepewa kiti cha kumpima mtu, iwe serikalini, benki, hospitali au hata kwenye kamati za serikali yetu ya wanafunzi, jiulize maswali matatu kabla ya kuweka alama. Je, alianzia wapi? Katika kilichokwama, kipi kilikuwa mikononi mwake na kipi kilikuwa mikononi mwangu mimi kiongozi wake? Na je, ninachohesabu ndicho tunachokitaka? Na wewe utakayepimwa, weka daftari lako tangu siku ya kwanza. Usisubiri Juni.

Yale mambo saba niliyoyataja kwenye mtihani bado nayakumbuka yote. Nilichokosa kuandika ni kwamba mengi kati ya hayo yako kwa anayepima kuliko kwa anayepimwa.