Neno Moja kwa Jirani

Somo la vikundi. Soma kwanza: 2 Wafalme 5:1-5, Matendo 11:19-26, 1 Petro 3:15.



Tukisikia neno uinjilisti, wengi wetu twamwaza mwinjilisti juu ya baiskeli yake, au mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti. Kazi hiyo ni njema, nao waifanyao tuwaombee. Lakini tukitazama jinsi Injili ilivyoingia katika nchi yetu hii ya Mpanda, twaona kwamba wako wengi walioileta pasipo kutumwa na mtu yeyote.

Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka wakaingia Tanzania. Serikali iliwapa mapori wayafyeke na kulima: Ulyankulu kule Tabora, Katumba hapa kwetu, na Mishamo kuanzia mwaka 1978. Kati yao walikuwamo Waanglikana, kwa maana Kanisa letu lilianza kazi Burundi katika miaka ya 1930, na Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka hiyo uliwafikia pia. Uamsho ule haukuwa kazi ya makasisi peke yao. Wauguzi, walimu na wakulima walikwenda kwa jirani zao wakasimulia jinsi Yesu alivyowaokoa. Watu waliolelewa hivyo hawangoji kasisi afike ndipo wasali. Mti wenye kivuli wawatosha. Dayosisi yetu ya Ziwa Rukwa ilipoanzishwa mwaka 2010, ilikuta shamba ambalo mikono ya namna hiyo ilikwisha kulilima.

Sasa tumtazame yule kijana wa kike katika 2 Wafalme 5. Yeye ni mateka. Washami walimchukua kwao kwa nguvu, naye sasa anamtumikia mke wa Naamani, jemadari wa jeshi lile lile. Jina lake hatuambiwi. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kumwacha bwana wake aoze kwa ukoma. Lakini alimwambia bibi yake neno moja tu: yuko nabii Samaria awezaye kumponya. Hakuhubiri, wala hakumlaumu Naamani kwa miungu yake. Aliuona ugonjwa, akauonea huruma, akasema alilolijua. Twadhani huo ndio ushuhuda ulio mgumu kuliko wote, kumtakia mema mtu ambaye watu wake wamekuumiza.

Katika Matendo 11 liko jambo jingine linalotuhusu sana. Waamini waliotawanyika baada ya Stefano kuuawa walilisema neno, lakini kwa Wayahudi wenzao tu. Ndipo watu wengine, wa Kipro na Kirene, nao pia hawatajwi majina, walipofika Antiokia wakasema na Wayunani. Kanisa lililozaliwa hapo ndilo lililomtuma Paulo baadaye. Yote yalianza kwa watu waliovuka mpaka wa kabila na lugha.

Je, sisi tunavuka? Katavi leo ina Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Waha, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao. Mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi yale, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Hata hivyo neno "mkimbizi" bado lasikika sokoni likisemwa juu ya mtu aliyezaliwa Katumba, na wasemao si wapagani tu. Mtu uliyemwita hivyo Jumatatu hatakusikiliza ukimkaribisha ibadani Jumapili. Vivyo hivyo na mfugaji. Ng'ombe zake zikiingia katika mpunga wetu, twataka alipe, na ni haki yetu. Lakini namna tunavyomdai, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ni mahubiri tayari, mazuri au mabaya.

Petro asema tuwe tayari kumjibu kila mtu aulizaye habari za tumaini letu. Angalieni: yuko mtu anayeuliza. Basi lazima kwanza aone kitu cha kumfanya aulize. Mnunuzi wa karanga ambaye kipimo chake hakijazidishwa huuliza. Mchimbaji wa dhahabu huuliza akiona mwenzake aliyeokoka amegawana mawe sawasawa pasipo kuficha hata moja. Hapo mdomo nao ufunguliwe. Wako wasemao, "Mimi nahubiri kwa matendo tu," na kwa kweli ni haya inayowazuia. Yule kijana wa nyumbani kwa Naamani alisema.

Petro aongeza kwamba jibu hilo litolewe kwa upole na hofu. Jirani yetu Mwislamu akiugua twampelekea uji kwa sababu ni mgonjwa, si kwa sababu twataka abatizwe. Unga wa msaada usiwe chambo. Naye asiyetaka kusikia aendelee kuwa jirani yetu, tumzike wafu wake pamoja naye kama kawaida.

Katika vikundi vya nyumba wiki hii, kila mmoja ataje mtu mmoja asiye wa kabila lake wala wa kanisa lake ambaye huonana naye kila siku, kisimani, shambani au dukani. Je, mtu huyo ajua kwamba sisi ni Wakristo? Alijuaje? Na yeye ana shida gani hivi sasa ambayo hatujamwuliza?