Mwaka Mpya Waanzia Jikoni

Siku chache baada ya kuingia mwaka mpya tulikuwa Vugiri, wilayani Korogwe. Msafiri atokaye Korogwe mjini, penye joto na mashamba ya katani, huupanda mlima wa Usambara kwa barabara ya kuzunguka-zunguka. Na kadiri apandavyo hewa hupoa, mpaka migomba na mashamba ya chai humzunguka pande zote. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka, na moshi wa majiko ulikuwa ukipenya katika mapaa. Tulifikia kwa mzee mmoja, mtu mwema, mwenye mke na watoto watano. Kalenda mpya ilikuwa imekwisha kutundikwa sebuleni. Mzee alituonyesha kalenda ile kwa furaha, akatuomba tuubariki mwaka. Mara mkewe akatoka jikoni na sufuria ya maharage, macho yamemwiva kwa moshi. Akacheka, akasema: “Baba Padre, mwaka mpya umeingia sebuleni tu. Huku jikoni bado upo ule wa zamani.”

Sote tulicheka pamoja naye. Lakini tulipokuwa tukishuka mlima jioni, neno lile halikutuacha. Twaona kwamba mama yule alisema kweli ambayo yafaa ifikiriwe katika kila nyumba, mjini na shambani. Basi leo, ndugu wasomaji, tujifunze habari hiyo: mwaka mpya waingiaje jikoni?

Tarehe 1 Januari haikuwa mlango wa mwaka kwa watu wote na kwa nyakati zote. Waingereza, mathalani, kwa karne nyingi waliuhesabu mwaka kuanzia tarehe 25 Machi, wakabadili kwa sheria hata mwaka 1752 ukaanza Januari. Watu wa pwani yetu nao walikuwa na siku yao ya mwaka, iitwayo Nairuzi. Na hata leo huko Makunduchi, Unguja, husherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Zamani, siku ile ilipofika, moto wa zamani ulizimwa jikoni, majivu yakazolewa na kutupwa, ndipo moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Tena ni desturi kwamba mtu asile peke yake siku ile, bali awe na mgeni. Wazee wale walifahamu jambo moja: mwaka haubadiliki kwa hesabu ya siku tu, hubadilika pale watu wanapopikia na kula.

Nasi tuna majivu ya zamani ya kuzoa. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Lakini katika nyumba nyingi chungu kizima cha maisha ya nyumbani huegemezwa juu ya figa moja tu, naye ni mama. Yafaa tuyatazame mafiga yote matatu.

Figa la kwanza ni akiba. Januari ni mwezi mgumu. Mvua za vuli zimepita, masika hayajafika. Fedha zimekwisha katika Noeli, na shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari havijiji vyenyewe. Hapo ndipo baba wengi huuza mahindi ya chakula, na mama huachiwa kazi ya kupika kisichokuwapo.

Dawa yake ni hesabu, tena hesabu nyepesi. Nyumba ya watu saba ikitumia kilo 3 za mahindi kwa siku, hutumia kilo 21 kwa juma. Toka mwanzo wa Januari hata mwisho wa Juni ni majuma 26. Ndiyo kusema kilo 546, yaani zaidi ya magunia matano ya kilo 100. Baba na mama wakae pamoja jioni moja, wahesabu yaliyomo ghalani kabla ya gunia lolote kutoka mlangoni. Asiyehesabu Januari atakopa Aprili. Kisha mahindi yakaushwe barabara, yasiwekwe juu ya ardhi yenye unyevu, hasa milimani penye ukungu. Maana nafaka yenye unyevu hushikwa na ukungu utoao sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyooza hayafai hata kwa pombe wala kwa kuku.

Figa la pili ni moto. Tumezoea kuuona moshi kama sehemu ya upishi, na macho mekundu ya mama kama alama ya kazi njema. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Moshi huo huleta nimonia kwa mtoto mchanga abebwaye mgongoni karibu na jiko, na huharibu mapafu na moyo wa mama yake. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jambo jema. Lakini twajua kwamba mtungi wa gesi una bei yake, na njia ya mlimani ni ndefu.

Je, mpaka gesi ifike tukae tu? Hasha! Kuni zikatwe mapema na kuanikwa chini ya kipaa, kwani kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Jiko lipewe dirisha, au tundu juu ya ukuta upande upitao upepo. Sufuria ifunikwe. Maharage yalowekwe tangu usiku. Yataiva upesi zaidi, na mzigo wa kuni utapungua. Mtoto mchanga alazwe mbali na moto, naye aliyeko nyumbani ampokee. Haya yote hayahitaji fedha nyingi, yahitaji mtu mmoja wa kusema, “Leo tutaanza.”

Figa la tatu ni mikono, yaani kusaidiana. Katika nyumba ile ya Vugiri tuliona binti aliyekuwa akienda kuanza kidato cha kwanza. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia, na kuwasha moto. Kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, alikuwa akiota jua uani. Hatumlaumu kijana, hakuna aliyemwita. Lakini tujiulize: binti akifika shuleni amechoka, akasinzia darasani, akashindwa mtihani, tutasema hana akili? Kuteka maji hakumpunguzii mwanamume heshima, wala kuchochea moto hakumvunji mtu mkono. Mwana afundishwaye kupika leo hatamtesa mkewe kesho.

Tena kuna meza. Desturi moja ya zamani humpa mama chakula cha mwisho, tena kilichobaki sufuriani. Mwanamke mwenye mimba au mwenye kunyonyesha hula kwa ajili ya wawili. Kumwachia ukoko ni kumnyima na mtoto. Vyakula vyema si lazima viwe vya duka. Ugali wa mahindi na maharage hukamilishana katika kuujenga mwili. Mchunga na mboga nyingine za majani huongeza nguvu ya damu, na chungwa la Muheza likiliwa pamoja nazo husaidia mwili kuipokea nguvu hiyo. Kinyume chake, chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Sisi tukaao karibu na mashamba ya chai tuikumbuke habari hii. Chai yetu ni njema, lakini afadhali ingoje kama saa moja baada ya kula.

Ndugu wasomaji, wengi wetu huuanza mwaka kwa ahadi kubwa: kujenga, kununua, kusafiri. Hatuzikatazi. Lakini hata Familia Takatifu ya Nazareti ilikuwa na moto wa kuwasha na maji ya kuteka, na upendo wa nyumba hupimwa katika mambo hayo madogo ya kila siku. Nyumba ambayo mmoja huchoka ili wengine wapumzike haijaingia katika mwaka mpya, hata ikiwa na kalenda tano ukutani.

Kabla hatujaondoka Vugiri, yule mzee alinyamaza kitambo, akamwita kijana wake. Wakachukua panga, wakaenda nyuma ya jiko, wakaanza kutoboa dirisha katika ukuta wa udongo. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akiwatazama, hasemi neno. Mwangaza ulipoingia, tuliona kwa mara ya kwanza jinsi kuta za ndani zilivyokuwa nyeusi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:

1. Chakula kilichomo ghalani chetu kitatufikisha mwezi gani? Nani anajua hesabu hiyo?

2. Moshi wa jiko letu watokea wapi? Juma hili twaweza kufanya nini?

3. Katika nyumba yetu nani huamka wa kwanza, na nani hula wa mwisho? Je, ni yule yule kila siku?

Atakayelijibu swali la tatu kwa kweli, na kulitengeneza, huyo ameuona mwaka mpya.